Dakika Tano

Saa nne ya usiku, Hull. Chini yangu duka la chipsi
linazima majiko, na harufu ya siki inapanda ngazi
kama mpangaji asiyelipa kodi.
Nimevaa koti la kiwandani, hita imegoma.
Mikono bado inanuka gundi ya madirisha ya karavani,
arobaini na mawili leo, niliyahesabu.

Tuko watano. Hatujawahi kuonana.
Gethin wa Swansea, miaka kumi na saba, mbele daima,
anayekufa wa kwanza na kulalamika wa kwanza.
Mairi wa Dundee, mlenga shabaha, ananong'ona
kwa sababu mtoto amelala chumba cha pili.
Ndugu wawili wa Wolverhampton, Harjit na Balraj,
wanaogombania intaneti moja.
Na mimi, Siwatu. Mganga wa timu.

Nina kitufe cha kuziba jeraha,
kitufe cha ngao,
kitufe cha kumwinua aliyelala chini, kikishajaa nguvu.
Cha kutia moyo hakipo. Nimetafuta.

Duru ya kwanza tukachapwa. Ya pili tukachapwa tena,
ngome yetu ikaanguka huku watatu tukibishana
nani alipaswa kulinda mlango wa kushoto.
Gethin akapiga meza; kikombe kikavunjika Swansea,
nikakisikia Hull.
Kisha nikasikia sauti yangu mwenyewe,
mimi ninayewaambia wengine tulieni,
ikimwambia Mairi: Wewe ndiye uliyetuuza.

Kimya.
Kimya cha masikioni ni kizito kuliko cha chumbani:
watu wanne wanapumua ndani ya fuvu lako
na hakuna anayekutaka.

Sheria inatoa dakika tano kati ya duru na duru.
Nikavua spika za masikioni, nikaenda jikoni,
nikafungua maji ya moto, nikaosha sufuria ya juzi.
Vidole vikarudi kuwa vidole.
Hapo ndipo nikakumbuka: alikufa mlangoni akinisubiri mimi,
nami nilikuwa nakimbilia kumfufua Gethin
mara ya tatu, palepale, kwa kosa lilelile.

Juu ya skrini nimebandika kipande cha katoni,
mwandiko wangu, kalamu nene, wa msimu uliopita
tuliposhuka daraja:

*Ukishindwa duru hini, usilaumu mwenzako,*
*Rudi tena uwanjani, ushike tu kazi yako,*
*Matusi ya sikioni, si deni la roho yako,*
*Mkono uwe laini, moyo usitoke kwako.*

Ni rahisi kuandika.
Katoni haijawahi kufungwa mbili bila.

Nikarudi. Nikabonyeza. Mairi, nisamehe,
mlango ule ulikuwa wangu.
Akakohoa. Najua, akasema. Tuanze.
Na Gethin, kwa sauti ya kitoto iliyoishiwa ubabe:
Nikitangulia, mtanifuata?
Balraj: Ukituambia kwanza.

Duru ya tatu hatukubishana. Tulitaja tu tunachokiona:
wawili kushoto. Ngao inaisha. Nipo nyuma yako.
Nipo nyuma yako: niliisema labda mara thelathini,
hadi ikaacha kuwa habari, ikawa kitufe.
Tukashinda kwa pumzi moja.

Ya nne tukafungwa. Nje ya mashindano.
Sitadanganya kwamba haikuuma; iliuma
kama upepo wa mto Humber unapokukuta huna skafu.
Lakini hakuna aliyetoka. Tulikaa, watano,
tukiangalia jedwali lisilo na jina letu,
Harjit akitafuna kitu,
hadi mtoto wa Mairi akaamka akalia
na sote tukaanza kunong'ona, hata tusio na mtoto.

Saa kumi na moja alfajiri basi la kiwandani litapita.
Alhamisi? akauliza Gethin.
Alhamisi, nikasema.
Na uje na kikombe cha plastiki.